Nini Humdumisha Mkimbiaji wa Mbulu na Hanang?

Tarehe 30 Septemba 1990, siku tatu kabla ya Ujerumani Mashariki na Magharibi kuungana rasmi, wakimbiaji wa Berlin Marathon walipita kwa mara ya kwanza katika lango la Brandenburg. Mwaustralia Steve Moneghetti alishinda kwa saa 2:08:16. Sekunde 16 nyuma yake aliingia Mtanzania aliyetimiza miaka 33 mwezi huo huo, Gidamis Shahanga, Mbarbaig wa Hanang. Muda wake wa 2:08:32 ulikuwa bora kuliko wote aliowahi kukimbia katika marathoni. Miezi michache kabla, mwaka huo huo, alikuwa ameshinda marathoni ya Vienna.

Kutoka dhahabu yake ya kwanza, ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton nchini Kanada mwaka 1978, hadi siku ile ya Berlin, ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Katika mbio ndefu hiyo ni safari ndefu, na kuikamilisha kwa muda bora wa maisha ni jambo la nadra. Ndiyo maana Shahanga anafaa kuwa mlango wa swali linalorudi kila kijana mpya anapoibuka Mbulu au Hanang: kwa nini nyanda hizi zinatoa wakimbiaji wengi kiasi hiki, na kwa nini wachache mno kati yao hudumu?

Sehemu ya kwanza ya swali imejadiliwa sana. Ya pili imeachwa. Hoja yangu ni kwamba kuibuka na kudumu ni mambo mawili yenye sababu tofauti. Kijana huibuka kwa sababu ya mwili wake, mwinuko wa kwao na moyo wake. Hudumu kwa sababu ya watu wanaomshika katika miezi ambayo hayupo kwenye mashindano: anayemlisha, anayemtibu, anayemkatalia mbio asizopaswa kukimbia. Ukifuatilia maisha ya waliofika mbali kutoka ukanda huu, karibu kila mara utakuta taasisi nyuma yao. Ukifuatilia waliozimika mapema, mara nyingi utakuta walikuwa peke yao.

Nyanda na watu wake

Mbulu, wilaya ya mkoa wa Manyara kama Hanang, ni nchi ya juu. Uwanda wake umekaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na sehemu kubwa iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari au zaidi. Kusini yake, Katesh imejikunyata chini ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Wairaqw wa Mbulu ni wakulima na wafugaji, wenye mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu. Wabarbaig wa Hanang ni wafugaji ambao kwao mwendo wa siku nzima nyuma ya ng'ombe ni kazi ya mtoto. Shule zilikuwa mbali, na barabara ya lami ni jambo la jana. Mtoto aliyekwenda shule alikwenda kwa miguu, na aliyechelewa alikimbia.

Haya yote ni kweli, lakini hayatoshi. Mwinuko wa Mbulu haujabadilika tangu miaka ya 1970, na watoto wa Hanang bado wanachunga. Kama mwinuko na ng'ombe vingekuwa jibu, basi kila muongo ungetupa Shahanga wake. Haikuwa hivyo. Kuna miongo Tanzania ilikuwa na jina katika kila mbio kubwa za dunia, na kuna miongo ilipotea kabisa. Kitu kilichobadilika hakikuwa ardhi.

Tazama mafunzo yenyewe kwa karibu. Saa kumi na moja alfajiri, kijana wa Dongobesh, Mbulu, yuko kwenye barabara ya changarawe. Amevaa viatu vya mtumba ambavyo soli yake imeanza kulika upande wa nje wa kisigino. Kila gari la mzigo likipita anameza vumbi jekundu. Akimaliza mbio ndefu ya asubuhi anakwenda shambani, kwa sababu ni msimu wa palizi, na jioni anarudi barabarani kwa mbio nyepesi. Mwili wake unajengwa na mwinuko na kuchakazwa na jembe siku ile ile. Mwaka wa kwanza utamvumilia. Mwaka wa tatu, kano ya kisigino itaanza kumwambia.

Watatu, na kilichowashika

John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana duniani kwa siku moja, 20 Oktoba 1968, huko Mexico City. Alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka, akaumia na bega. Aliendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima kabla Akhwari hajaingia uwanjani, giza likiwa limetanda, mguu umefungwa bendeji, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, na jibu hilo limemfuata maisha yote.

Lakini picha ya bendeji imefunika ukweli ambao wachezaji wanaujua. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Yule aliyeonekana akichechemea Mexico alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa marathoni katika kizazi chake. Aliishi kama mkulima na kukimbia kama mkulima, bila mshahara wa mbio. Nchi ilimkumbuka baadaye: alitunukiwa nishani mwaka 1983 na akawa balozi wa michezo ya Beijing ya 2008. Heshima ilikuja, ila ilikuja wakati miguu ilikwisha kupumzika.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, aliongoza fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola tangu mlio wa bastola hadi utepe. Alitumia dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake kwa chini ya sekunde moja. Wote wawili walikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani. Kama rekodi ya michezo hiyo, muda wa Bayi ulidumu miaka 48, hadi Birmingham 2022. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili kwa dakika 3:51.0.

Bayi hakuwa mkulima anayekimbia baada ya palizi. Alikuwa mwajiriwa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jeshi lilimpa kitanda, chakula, tiba na ruhusa ya kusafiri. Mwaka 1980 huko Moscow, miaka sita baada ya Christchurch, alibadilisha mbio kabisa na kuchukua fedha ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hiyo na fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo medali mbili za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, zote katika michezo ile ile.

Shahanga naye alishikwa, ila na taasisi ya aina nyingine. Alishinda marathoni ya Edmonton akiwa na miaka 20, karibu bila kujulikana. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, ambako Nyambui pia alisoma. Pale alipata masomo, bweni, kocha, daktari wa timu na ratiba ya mashindano iliyopangwa na watu wanaojua kazi yao. Mwaka 1982, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, alishinda dhahabu ya mita 10,000, na Mtanzania mwenzake Zacharia Barie akachukua fedha, nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Siku chache baadaye aliingia tena kwenye marathoni, akaongoza pamoja na Juma Ikangaa kwa kasi iliyotisha uwanja mzima, kisha miguu ikamwisha. Ikangaa alishika fedha nyuma ya Robert de Castella. Mwaka 1984 Shahanga alishinda Rotterdam. Miaka sita baadaye ndipo ilipokuja Vienna na Berlin.

Linganisha hawa watatu. Akhwari alikuwa na kipaji na shamba. Bayi alikuwa na kipaji na jeshi. Shahanga alikuwa na kipaji na chuo. Huwezi kusema mmoja alikuwa na moyo zaidi ya mwingine. Aliyemaliza Mexico kwa mguu ulioteguka hakupungukiwa moyo. Tofauti iko kwenye kile kilichowasubiri nyumbani walipotoka mazoezini.

Raga iliyofunga njia ya Montreal

Mbulu na Hanang hazina historia ya raga. Nchini Tanzania mchezo huo una mizizi zaidi Arusha na Dar es Salaam. Hata hivyo raga iligusa maisha ya kimichezo ya Bayi kuliko mpinzani yeyote aliyewahi kukimbia naye.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilifanya ziara Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi. Mataifa ya Afrika yalidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya kimataifa ilikataa, kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikagoma. Mpambano ambao dunia nzima ilikuwa inausubiri, Bayi dhidi ya Walker, haukufanyika. Malaria nayo ilikuwa imemsumbua Bayi, lakini uamuzi haukuwa wake wala wa madaktari. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwa dakika 3:39.17, muda ambao Bayi wa Christchurch angeupita kwa sekunde saba.

Sisemi Tanzania ilikosea. Kususia kulikuwa sahihi, na shinikizo lile lilisaidia kuzaa makubaliano ya Gleneagles ya 1977 yaliyoitenga michezo ya makaburu ndani ya Jumuiya ya Madola. Lakini gharama ya uamuzi wa taifa ililipwa na mwili wa kijana mmoja wa miaka 23, na kilele cha mkimbiaji wa mita 1,500 hakisubiri miaka minne. Kilichomwezesha Bayi kufika Moscow ni kwamba kazi yake ya jeshi ilikuwa bado ipo baada ya Montreal. Mkimbiaji asiye na ajira angerudi kijijini mwaka ule na hadithi ingeishia hapo.

Mshahara na zawadi

Raga inafaa kulinganishwa kwa sababu nyingine pia. Raga ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa hadi Agosti 1995, wakati bodi yake ya kimataifa ilipokubali wachezaji walipwe. Riadha ilitangulia: mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirikisho la kimataifa lilianza kuruhusu fedha za mbio kuwekwa kwenye mifuko maalumu ya wachezaji. Kwa hiyo Shahanga alianza kukimbia akiwa mchezaji wa ridhaa na baadaye akawa mtaalamu wa kulipwa, kabla ya raga kufungua mlango huo.

Lakini aina mbili za malipo zilizotokea hazifanani kabisa. Mcheza raga wa kulipwa ana mkataba na klabu. Alun Wyn Jones aliichezea Wales mechi 158 kuanzia 2006 hadi 2023, na wakati huo wote alikuwa mchezaji wa Ospreys. Mchezaji wa namna hiyo akiumia, daktari wa klabu humtibu na mshahara haukatiki. Kule Kenya, Collins Injera alianza kuichezea timu ya raga ya wachezaji saba mwaka 2006, akafunga trai 279 katika mfululizo wa mashindano ya dunia, na alikuwepo Kenya ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe la Singapore mwaka 2016. Mikataba ya Kenya imekuwa na migogoro yake, lakini mchezaji wa timu ana mahali pa kudai.

Mkimbiaji wa marathoni hana pa kudai. Yeye ni kama mkulima wa mavuno mawili kwa mwaka: mbio moja ya majira ya kuchipua, moja ya vuli, na kati yake miezi ya kutumia akiba. Akiumia wiki tatu kabla ya mbio, msimu umekwenda.

Fuatilia fedha yenyewe. Mwaka 2023 Gabriel Geay wa Manyara alikuwa wa pili Boston kwa saa 2:06:04, nyuma ya Evans Chebet wa Kenya. Zawadi ya nafasi hiyo ilikuwa dola 75,000. Kijijini habari husikika hivyo: dola elfu sabini na tano. Sasa tuchukue mkimbiaji yeyote mgeni mwenye zawadi kama hiyo Marekani. Kodi ya zuio kwa mchezaji asiye mkazi kwa kawaida ni asilimia 30, yaani dola 22,500. Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15, dola 11,250. Zimebaki 41,250, na kocha bado hajapewa chake, wala wenzake wa kambi waliomkimbizia mazoezini, wala kodi ya nyumba Arusha, wala fundi wa misuli. Tena fedha zenyewe husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku, na majibu huchukua muda. Wakati huo huo ndugu wamekwisha kusikia ile namba ya kwanza. Ada za shule, matibabu ya shangazi, bati za nyumba ya mama, vyote vinapangwa juu ya fedha ambayo kwa sehemu kubwa haipo.

Hapo ndipo uamuzi mbaya huzaliwa. Mkimbiaji mwenye kisigino kinachouma, ambaye angepaswa kupumzika miezi mitatu, anakubali mbio ya mji mdogo wa Ulaya au Asia kwa sababu kuna dola elfu tano mezani. Anaikimbia kwa maumivu. Anarudi ameumia zaidi. Umaskini wa miezi isiyo na mbio ndio unaofupisha maisha ya kimichezo, kuliko mbio zenyewe.

Dhahabu za ujana

Tanzania imewahi kutoa vijana walioshangaza dunia kabla hawajatimiza miaka 20. Mwaka 1991 Andrew Sambu alishinda mbio za nyika za dunia kwa vijana mjini Antwerp. Mwaka 2000 Faustin Baha Sulle, akiwa na miaka 18, alishika fedha ya nusu marathoni ya dunia nyuma ya Paul Tergat. Mwaka 2005 Fabiano Joseph Naasi, akiwa na miaka 19, alishinda dhahabu ya mashindano hayo hayo, na mji ulikuwa Edmonton, ule ule wa Shahanga. Wote watatu walifika kileleni kwa umri ambao wakimbiaji wengi wa marathoni hawajaanza kuikimbia.

Barabara huwakaribisha vijana namna hii kwa sababu barabara hulipa. Nusu marathoni na marathoni zina zawadi. Mita 5,000 za uwanjani kwa kijana asiyejulikana hazina. Wakenya na Waethiopia wengi waliodumu walianza uwanjani, wakajenga kasi kwa miaka, wakahamia barabarani wakiwa na miaka 27 au 28. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 na hakukimbia marathoni hadi 2013. Baada ya hapo alishinda dhahabu mbili za Olimpiki. Kwa muda wote huo kocha wake alikuwa Patrick Sang na kampuni iliyomsimamia ilikuwa moja. Hilo ndilo jambo la kuiga kuliko jingine lolote: watu wale wale, miaka ishirini.

Kwetu mfumo wa chini ulivunjika katikati. Mashirika ya umma yaliyokuwa na timu yalidhoofika miaka ya 1980 na 1990 yalipobinafsishwa au kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISETA, na ingawa yalirejeshwa baadaye, kizazi kizima cha walimu wa michezo kilikuwa kimepotea. Kijana wa Mbulu wa miaka hiyo hakugunduliwa shuleni. Aligunduliwa na wakala kwenye mbio za barabara za Arusha au Moshi, na wakala anatafuta mtu wa kukimbia mwezi ujao.

Kuna hatari nyingine ambazo hazina uhusiano na kocha. Ismail Juma, mmoja wa wakimbiaji wa kasi zaidi wa nusu marathoni tuliowahi kuwa nao, alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2017 akiwa bado na miaka mingi mbele yake. Bodaboda ndiyo usafiri wa vijijini, na mkimbiaji huitumia kama kila mtu.

Ushahidi kutoka upande wa pili wa mpaka

Anayetilia shaka hoja ya taasisi amtazame Alphonce Simbu. Yeye ni wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, mwenye mwinuko na maisha yasiyotofautiana sana na ya majirani zake. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alishika shaba ya dunia London. Mwaka 2021 alikuwa wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Na Septemba 2025, huko huko Tokyo, alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha.

Simbu alikuwa na miaka 33, umri ule ule wa Shahanga alipokimbia Berlin. Katika miaka tisa kati ya Rio na Tokyo hakutoweka hata mara moja. Sababu haijifichi: ni askari wa JWTZ mwenye mshahara, na mwanzoni mwa safari yake kampuni ya MultiChoice Tanzania ilimdhamini ili aweze kukaa kambini. Hakulazimika kukimbia kila mbio iliyopita mbele yake. Aliweza kuchagua, na mkimbiaji anayeweza kuchagua ndiye anayedumu.

Wanawake wanahitaji hoja hii hata zaidi. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa, na mwaka uliofuata alikimbia Olimpiki ya Paris. Msichana wa Mbulu au Hanang mwenye mapafu kama yake anakabiliwa na maji, kuni, wadogo zake, na mahari inayozungumzwa kabla hajamaliza sekondari. Akizaa, hakuna anayemlipa mwaka ambao hatakimbia. Ajira ya jeshi, polisi au magereza ina likizo ya uzazi. Zawadi ya barabarani haina.

Shamba na pensheni

Mcheza raga akistaafu Ulaya hukuta mfuko wa chama cha wachezaji, kozi za ukocha, na kazi ya televisheni kwa wenye bahati. Mkimbiaji wa Mbulu akistaafu hukuta shamba. Bayi ni wa pekee: aliingia kwenye uongozi, akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na akaanzisha shule zenye jina lake mkoani Pwani. Wengi hurudi walikotoka, na ardhi ndiyo huwa pensheni yao.

Kwa sababu hiyo, habari ya ardhi Hanang ni habari ya riadha pia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, yalichukua karibu hekta 40,000 za malisho ya Wabarbaig kwenye tambarare za Basotu, na wanakijiji walikwenda mahakamani kudai haki yao. Kila hekta iliyotoka mikononi mwa wafugaji ilipunguza mahali pa kurudi kwa watoto wao, wakimbiaji wakiwemo. Na hata ardhi iliyobaki si bima ya uhakika. Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani yakaua watu zaidi ya 80. Nyumba iliyojengwa kwa zawadi ya mbio inaweza kuondoka kwa usiku mmoja.

Ukimwambia mkimbiaji mwenye miaka 24 kwamba anunue ng'ombe na shamba kwanza kabla ya kuendelea na mazoezi, usimlaumu akikusikiliza. Anasoma maisha ya waliomtangulia kwa usahihi kuliko maofisa. Lakini ng'ombe hao hao, asipokuwa na wa kumsimamia, watamtoa kambini. Hivyo usalama anaoutafuta baada ya mbio unakuja kuzifupisha mbio zenyewe.

Kipi kifanyike, na nani akifanye

Ajira ndiyo dawa iliyothibitika. Majeshi yetu ndiyo yaliyomdumisha Bayi na ndiyo yaliyomdumisha Simbu, miaka hamsini mbali. Nafasi za wanamichezo zinapotangazwa, wakimbiaji wa mbio ndefu wa Manyara wapewe nafasi mapema, wakiwa na miaka 18 au 19, kabla wakala hajawafikia. Anayesubiri hadi kijana ashinde Ulaya amechelewa. Wakati huo kisigino kimekwisha kuanza kuuma.

Pili ni mwalimu wa michezo. Shule moja ya sekondari Mbulu na moja Hanang, zikiwa na bweni, mwalimu aliyesomea ukocha na ratiba isiyovunjika kila waziri anapobadilika, zitafanya zaidi ya kambi kumi za wiki mbili kabla ya Olimpiki. Mwalimu huyo ndiye atakayemwambia kijana wa miaka 18 kwamba marathoni isubiri.

Tatu ni fedha za ndani. Halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao ya ndani, na asilimia nne ni ya vijana. Kikundi cha wakimbiaji kinaweza kukopa kama kikundi cha bodaboda kinavyokopa, kwa kambi, kwa viatu, kwa ng'ombe wa maziwa wanaotunzwa na wote ili hakuna mmoja anayelazimika kuondoka mazoezini kwa ajili ya zizi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unapokea wachangiaji wa hiari kutoka sekta isiyo rasmi. Riadha Tanzania iweke sharti kwamba sehemu ya kila zawadi kubwa iende huko kabla haijafika mfukoni mwa mtu yeyote, wakala akiwa wa kwanza kusubiri.

Mapendekezo haya hayahitaji kipaji kipya, maana kipaji tumekwisha kukiona, kizazi baada ya kizazi, Mexico, Christchurch, Edmonton, Brisbane, Berlin. Yanahitaji halmashauri, shule na majeshi yakubali kwamba mkimbiaji ni mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi huhitaji mshahara hata mwezi ambao hakuvuna. Siku wilaya hizi zitakapokuwa na wakimbiaji kumi wenye miaka 30 na zaidi wanaoendelea kushindana, tutajua kwamba Mbulu na Hanang zimeanza kuwatunza watu wake kwa kiwango kile kile zinavyowazaa.